Pete Iliyogoma Kuingia

Biharamulo Mjini
26 Agosti 2023

Dada Eustakia,

Shikamoo, na shemeji Bernardo mfikishie yake. Mwambie mguu wake nauombea kila nikikumbuka, na huwa nakumbuka. Huku Francisca hajambo. Watoto wanakula kama wameajiriwa kula. Nyumba nimeiezeka upande mmoja. Mvua zikianza wote tutahamia upande huo na kujifanya ndivyo ramani ilivyotaka.

Usishangae kupata karatasi kutoka kwa mdogo wako anayemiliki simu mbili. Zote nimezizima. Wateja wamenichosha, dada. Yuko mmoja wa Bisibo aliniagiza kidani chenye jina la mchumba wake, SCHOLASTIKA, kila herufi nimeikata kwa msumeno mwembamba kama unywele. Wamegombana. Sasa kampata Suzan, anataka nichukue kidani changu nimrudishie hela yake. Nikamwambia, "Soma ukutani." Ukutani nimeandika kwa rangi nyekundu: KAZI YA KUAGIZA HAIRUDISHWI. Akanijibu hajui kusoma. Nikamuuliza, "Na Scholastika alikuwa anamsomea nani?" Akaanza kunitukana, na tangu siku hiyo anapiga simu alfajiri ili anitukane kabla sijanywa chai.

Tena nikikupigia wewe unaiweka simu sauti ile ya kusikika mpaka zizini, na namjua anayekaa jikoni kwako kila jioni. Ndiyo maana barua hii nimempa Malongo, maana gari lake la ndizi linakuja huko hata kama mambo mengine yote yamesimama.

Sasa nije kwenye lenyewe. Malongo kaniambia pete ya Anjelika imegoma kanisani. Dada, mimi Danstan nimeshika dhahabu Geita, nimeshika Kahama, nimelala Bujumbura na Kampala, nimewatengenezea watu pete ambao majina yao siwezi kuyaandika hapa kwa usalama wako. Hakuna pete yangu iliyowahi kugoma. Consolatha, jirani yako huyo wa jikoni, alinitumia hereni mbili za marehemu mama yake nimtengenezee binti yake pete, na wewe ukanitumia kipimo, ile kamba ya mgomba uliyomfunga Anjelika kidoleni. Pete niliyotoa inalingana na kamba ile kama yai na ganda lake. Basi kama kuna kosa, nauliza kwa heshima zote: ile kamba ilikuwa mbichi? Kamba mbichi ikikauka hujikunja.

Hata hivyo sibishani. Mpe Malongo pete, niipanue, irudi baada ya siku mbili, bure. Harusini sikufika kwa sababu jino lilikuwa linanisumbua. Lile la dhahabu, unalijua.

Mdogo wako mtanashati,
Danstan


Kirushya
10 Septemba 2023

Danstan,

Marahaba. Bernardo amepata salamu, mguu haujapata chochote. Maharage tumeyatoa shambani, machache. Mbuzi wamezaa.

Kamba haikuwa mbichi. Niliishusha kwenye dari ya jiko, imekaa juu ya moshi tangu mwaka jana. Nimefunga mizigo kwa kamba za mgomba tangu wewe unanyonya, kwa hiyo hilo tuliache.

Kwa kuwa hukuwepo, nikueleze ilivyokuwa, maana Malongo huongeza. Padri alisema, "Aron, mvishe mke wako pete." Aron akaisukuma, ikafika kwenye fundo la kidole ikasimama. Akasukuma tena. Anjelika akauma mdomo. Kwaya walikuwa wamemaliza wimbo, wakaanza upya. Aron akalamba kidole cha mkewe mbele ya padri, watu wakacheka. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Leteni mafuta ya taa." Mwisho padri akanong'ona kitu, pete ikavishwa kidole kidogo cha mwisho, tukapiga vigelegele kwa nguvu ili mambo yapite.

Hayakupita. Consolatha anasema hivi: hereni za mama yake zilikuwa kubwa, zinaning'inia mpaka shingoni. Imetoka pete ambayo haipiti hata kidoleni. Dhahabu nyingine iko wapi? Anasema umekula. Anasema mama yake alivuka nazo mto kutoka Burundi, kazisokota ndani ya nywele, akiwa amembeba yeye mgongoni. Ndizo alizokuja nazo, hizo na yeye. Sasa mama kakasirika huko aliko, na pete imemkataa mjukuu.

Haji tena jikoni kwangu. Anapita kwa nyuma, kwenye migomba.

Hataki hela. Anataka hereni zake.

Pete usiipanue. Hata wakikuletea, usiipanue. Subiri. Usiniulize kwa nini.

Na jino linauma vipi ikiwa juu ni dhahabu?

Eustakia


Biharamulo
1 Oktoba 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki nzima ndani ya gari la Malongo likiwa limeharibika njiani, ikafika inanuka ndizi mbivu. Francisca akauliza nani kaniandikia barua inayonukia. Nikamwambia ana wivu mzuri.

Wote tu wazima, ila mimi nimechoka, na unajua mimi si mtu wa kuchoka. Machimboni nilikuwa nakesha nikicheza karata na asubuhi nashuka shimoni naimba. Sasa hivi nachoka nikiwa nimekaa. Habari za pete zimefika huku kabla ya barua yako. Watu wa Ngara waliokuwa wanakuja kwangu siku za harusi hawaji. Juzi bibi harusi mtarajiwa aliingia na mama yake, wakachagua mtindo, tukacheka vizuri, kisha yule mama akauliza, "Wewe ndiye Danstan Mla Hereni?" Wakatoka na mfano wangu wa karatasi mkononi. Huo mfano nilikuwa nimeuchora mwenyewe.

Yule wa Bisibo naye kasikia. Sasa anasema kama nimekula hereni za mjane Consolatha, basi hata Scholastika wake ni bati. Kaja na shemeji zake. Nikachukua kidani, nikakipima mbele yao, fedha safi. Wakasema kipimo ni changu kwa hiyo kitasema ninachotaka. Dada, mtu akishaamua wewe ni mwizi, hata mizani yako inakuwa shahidi wa uongo. Nikamrudishia nusu ya hela ili nipumzike, na ule ukuta nikauangalia nikaona haya kuusoma.

Mwambie Consolatha hivi: sijala. Hereni ziwe nzito au nyepesi, kidole chembamba kina pete ndogo, hata ungeleta dhahabu ya kujaza debe. Na dhahabu haikumbuki ilikuwa nini zamani. Mwambie hivyo.

Lakini wewe, mbona unanikataza kuipanua? Ni kazi ya saa moja. Nakata hapa, naingiza kipande, naunga, nasugua, hata malaika haoni. Shauri zima linaisha kwa saa moja na wewe unasema nisubiri. Nisubiri nini, kidole kikonde? Unanificha kitu, dada. Tangu utotoni ukificha kitu unaandika sentensi fupi.

Jino usiliulize.

Danstan


Kirushya
22 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua zimeanza. Tumepanda. Bernardo anatembea mpaka barabarani na kurudi.

Consolatha amekushtaki ofisi ya kata. Niliitwa kama mtu aliyepima kidole. Mtendaji akauliza kamba ilikuwa ya aina gani, nikasema ya mgomba. Akauliza kwa nini hatukutumia futi. Wazee wote wakamtazama, akaacha.

Consolatha alisimama akaeleza jambo ambalo hata mimi sikulijua, na tumelima mipaka pamoja miaka yote hii. Walipofika huku, alikuwa mtoto, ikatokea njaa. Walikuwa wanakula mizizi ya mgomba. Watu wakamwambia mama yake, "Nizigiyimana, uza hereni, una mtoto." Akakataa. Akasema, "Nikiuza hizi tutakuwa hatuna kitu. Sasa hivi tuna kitu." Consolatha anasema alilala na njaa akizitazama zinavyong'aa kwa moto wa jikoni, na ilimsaidia. Alilia mbele ya baraza. Mimi pia.

Baraza likasema: Danstan arudishe hereni, au aje mwenyewe aeleze zilikwenda wapi. Ukishindwa, jina lako litasomwa kwenye mkutano wa kijiji, huku na Keza kwa kina Aron. Mtendaji alitaka iwe mwezi ujao. Nimesimama nikaomba isogezwe mpaka baada ya mavuno ya maharage. Nikasema nina shughuli nyingi, shahidi ni mimi. Wamekubali Januari.

Nimekununulia muda. Sasa unieleze. Malongo anasema siku hizi unacheka umeweka mkono mdomoni. Wewe? Wewe uliyekuwa ukicheka msibani ili watu waone jino?

Hereni ziko wapi, Danstan?

Eustakia


Biharamulo
12 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, wote wamelala salama na mimi nimekaa kwenye benchi langu la kazi. Barua hii ukiisoma uichome. Usiiweke chini ya godoro, najua unaweka chini ya godoro, na Bernardo hana la kufanya siku hizi zaidi ya kusoma.

Hereni ninazo. Ziko hapa mbele yangu kwenye kiberiti. Sikuziyeyusha.

Ziliponifikia mwezi wa tano nilizishika kwa mkono tu nikajua kuna jambo. Mkono wangu ni mzani, hilo si majivuno. Nikasugua moja kwenye jiwe jeusi, nikadondosha tindikali kwenye ule mstari. Dhahabu ukiidondoshea hivyo inakutazama tu. Ile ilichemka, ikatoa povu la kijani, mstari ukafutika. Shaba, dada. Shaba tupu iliyopakwa rangi. Nikasugua na ya pili nikiomba Mungu, kana kwamba zingekuwa ndugu wasiofanana. Shaba.

Nilikaa nazo wiki. Mara tatu nilichukua simu nimwambie Consolatha. Ningesemaje? "Dada Consolatha, ulichobebwa pamoja nacho mgongoni kwa mama yako ni kipande cha bomba"? Na wakati huo sikuijua hata hiyo habari ya njaa. Ile barua yako nimeisoma, nikazima taa ya duka mchana.

Sikuwa na dhahabu. Watu wanadhani sonara ana dhahabu. Sonara ana dhahabu za watu. Nikajitazama kwenye kioo kutafuta ushauri, nikafungua mdomo, ushauri ukawa unang'aa hapo hapo. Unakumbuka nilivyolipata lile jino? Shimo letu lilitema dhahabu kule Geita, wenzangu wakanunua pikipiki, mimi nikanunua tabasamu. Kofia nzito ya dhahabu, fundi wa Mwanza aliniambia itaishi kuliko mimi. Basi nikachukua koleo, nikanywa lubisi, ile pombe ya ndizi, glasi mbili, nikaing'oa, na jino likaja nayo. Francisca alisikia ukelele akadhani nimeungua. Nikamwambia ndiyo.

Ikatosha pete moja ya mwanamke, na kachembe kakabaki. Sasa unajua kwa nini sikuja harusini. Nisingeweza kula pilau ya watu kwa upande mmoja na kunyamaza huku pete inapita. Mimi nikinyamaza watu huita daktari.

Sasa nitazame nilipo. Nikirudisha hereni, nimeshinda shauri. Naingia na kiberiti, naziweka mezani kwa mtendaji, "Hizi hapa, hazijaguswa." Wataniuliza: na pete imetokana na nini? Nikisema ni dhahabu yangu, watasema kwa nini. Atatokea mjuaji aseme tupime hereni. Consolatha atasimama pale pale aliposimama kueleza ile njaa, aambiwe alilala njaa kwa ajili ya shaba. Nikikaa kimya, mimi ni Mla Hereni mpaka kaburini, na watoto wangu ni watoto wa Mla Hereni.

Kuna kitu nimekiwaza. Yule bibi labda alijua. Labda ndiyo maana hakuziuza. Angezipeleka kwa sonara, sonara angesugua kwenye jiwe mbele ya mtoto, na ile "tuna kitu" ingeishia kwenye povu. Akachagua njaa yenye kitu. Sasa kama yeye aliibeba ile siri miaka yote, mimi ni nani niiangushe kwa sababu ya jina langu kwenye mkutano wa kijiji?

Januari nitakuja. Nitasema dhahabu ilipungua motoni kwa uzembe wangu. Watanizomea. Nimezomewa na watu wakubwa zaidi.

Ila nimechoka, dada. Ulimi unaenda pale kwenye pengo kila wakati kama ng'ombe anayerudi zizi lililobomolewa.

Wako,
Danstan


Biharamulo
17 Desemba 2023

Dada Eustakia,

Shikamoo ya nne. Malongo amekuja mara mbili mikono mitupu, ananiambia, "Dada yako kasema hana jibu." Yaani nimeng'oa jino halafu nimeng'oa na moyo, wewe huna jibu?

Angalau nijulishe kama barua umeichoma.

Danstan


Kirushya
30 Desemba 2023

Mdogo wangu Danstan,

Marahaba, na Noeli iliyopita iwe ya heri. Tulikula nyama. Bernardo alicheza, mguu mmoja.

Nimeichoma. Niliisoma mara nyingi kwanza. Sikujibu kwa sababu kila nikianza kuandika nilikuwa naandika jambo la mtu mwingine, na mimi ni mama yake wa ubatizo. Sasa naweza, kwa kuwa limetoka lenyewe hadharani na linalia usiku.

Anjelika amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi.

Hesabu miezi toka harusi, kisha usimwambie mtu umehesabu. Huku kila mtu amehesabu na hakuna aliyefungua mdomo. Nilipompima kidole mwezi wa nne alikuwa mwembamba kama mwiko. Siku ya harusi alikuwa amejaa, mikono imevimba, miguu imevimba, viatu tulivichana nyuma tukafunika na gauni. Alinieleza mimi peke yake, wiki mbili kabla, jikoni. Nikamwambia funika, nyamaza, padri asisikie, mama yako asiaibike. Kwa hiyo ile pete ilipogoma, mimi nilijua pale pale. Kipimo chako kilikuwa sawa. Kamba yangu ilikuwa sawa. Kidole ndicho kilichokuwa kimebeba watu wawili.

Ndiyo maana nilikukataza kupanua. Ungepanua, leo ingekuwa inamdondoka kisimani.

Ningeweza kusema neno moja tu pale baraza, ukawa huru. Nilikaa nikasikiliza ukiitwa mwizi. Wewe ulimfunikia mama, mimi nilimfunikia mtoto, na Consolatha yuko katikati anatuchukia wote wawili. Sijui kama tulifanya vizuri. Nimechoka kama wewe.

Consolatha alijua? Ni mama yake. Alijua kama mtu anavyojua mvua itanyesha lakini anaanika maharage hivyo hivyo. Nadhani ndiyo sababu alilishikilia lile shauri la pete kwa nguvu. Ukigombana na sonara huhitaji kugombana na binti.

Pete bado hawajaijaribu. Iko ndani ya kikombe kwenye kabati, imegeuzwa kinywa chini. Anjelika anaiogopa.

Shauri ni tarehe 25 Januari.

Dada yako


Biharamulo
9 Januari 2024

Dada,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu wa ubatizo. Nimekaa chini. Nimesimama. Nimekaa tena. Nimecheka mpaka Francisca akaona pengo, ikabidi nimweleze yote, naye hakunigombeza, akanipikia uji mwepesi. Ndoa ni kitu cha ajabu.

Mimi, Danstan, niliyezunguka maziwa makuu yote, nisijue kwamba kidole cha mwanamke huvimba! Na nimezaa watoto sita! Francisca anasema kila mimba alivua pete akaitundika kwenye msumari. Nilikuwa nadhani ule msumari ni wa mapambo.

Sasa sikiliza, hapa nasema kama fundi, siongezi chumvi. Wasijaribu sasa hivi. Wangoje uvimbe umwishe kabisa, mwezi hivi toka kujifungua. Wajaribu asubuhi, kabla hajashika moto wala jembe. Maji baridi, bila sabuni. Asisukume Aron; Aron ana mikono ya kusukuma pikipiki. Ajivishe mwenyewe, taratibu, akizungusha. Shauri liombee wiki mbili tatu nyingine, sema shahidi ana mjukuu. Kama itaingia, Mungu mkubwa. Kama haitaingia, nakuja hapo kata na kusema niliipunguza motoni, na wewe utakaa na sentensi zako fupi.

Usimwambie Consolatha lolote kuhusu hereni. Lolote. Nakuomba hili kama nilivyokuwa nakuomba unibebe tukitoka shule.

Danstan


Kirushya
13 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua ni nyingi, njia ya bondeni imekatika, kwa hiyo barua hii inapita Keza na pikipiki ya Aron mwenyewe, atampa Malongo. Nimeifunga vizuri.

Jumapili mtoto alibatizwa. Tecla, na jina la nyumbani amepewa la mama yake Consolatha, Nizigiyimana. Asubuhi yake Anjelika alikuja jikoni kwangu na kile kikombe. Mikono ilikuwa ya baridi, alikuwa ametoka kuteka maji. Nikamwambia geuka utazame ukuta, jivishe. Ikaingia, Danstan. Ikapita fundo, ikakaa chini kabisa, ikageuka na kidole. Alienda kanisani mkono umefichwa ndani ya kitenge cha mtoto.

Padri alipomaliza kumwagia mtoto maji, Anjelika akatoa mkono kumfuta. Consolatha alikuwa kando. Akaiona. Akaushika ule mkono wa binti yake, akauinua juu kama anaonyesha samaki, akapiga yowe kanisa zima likageuka. Akasema, "Mnaona? Dhahabu ya mama haikukataa! Ilikuwa inamsubiri mtoto!"

Basi ikawa hivyo. Hakuna aliyebisha. Aliyehesabu miezi, alihesabu vizuri zaidi akanyamaza, maana sasa kuchelewa kwa pete ni kwa heshima. Wanawake walipanga mstari kuigusa. Mama yule aliyetaka mafuta ya taa aliibusu. Consolatha akaomba padri aibariki, akaibariki, kwa maji na kwa Kilatini kidogo. Yaani Kirushya nzima imelibusu jino lako, na padri amelinyunyizia maji. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Bernardo akaniuliza mbona nalia na kucheka. Nikasema ni mguu wako.

Jana Consolatha alipita mbele ya nyumba, si kwa nyuma. Akaingia jikoni, akakaa mahali pake. Akasema amefuta lile shauri la kata nililoomba lisogezwe, na amekusamehe. Nimeandika kama alivyosema. "Mwambie Danstan nimemsamehe. Alikuwa chombo tu." Nikasema nitakufikishia.

Amekutumia debe la maharage na mkungu mmoja. Nilimwomba achague ndizi laini. Akauliza kwa nini. Nikasema mdogo wangu mzee sasa.

Mdogo wangu, najua jinsi ulivyo. Hili ni jambo kubwa kuliko yote uliyowahi kufanya, na wewe hujawahi kufanya hata dogo bila mji mzima kujua. Nyamaza. Ukiweza.

Eustakia


Biharamulo
3 Machi 2024

Dada Eustakia,

Shikamoo. Maharage yameiva vizuri, ndizi tumekula, Francisca anashukuru. Simu moja nimeiwasha.

Nimesamehewa. Nimekaa na neno hilo wiki nzima, linaingia taratibu kama pete yenyewe.

Wateja wanarudi. Juzi aliingia mzee wa Keza na mkewe, wanataka pete ya binti yao. Akaniambia, "Tunataka kama ile ya Kirushya, ile iliyosubiri mtoto. Wanasema dhahabu yake si ya kawaida." Nikauliza, "Wanasema hivyo?" Akasema, "Wanasema imevuka mto, imeshinda njaa. Wewe ulibahatika tu kuishika." Dada, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Upepo ukaingia kwenye pengo. Mkewe akanitazama akaniuliza, "Fundi, jino lako limeenda wapi?" Nikamwambia nilikula mahindi ya kuchoma.

Ukutani nimefuta. Sijaandika kitu kingine, pamebaki doa jekundu.

Kale kachembe kalikobaki ninako. Tecla akifikia kutobolewa masikio, kanatosha vitone viwili. Sema ni mabaki ya hereni za bibi wa mama yake.

Hereni zenyewe ziko kwenye kiberiti, mfukoni mwa shati, upande wa kushoto. Kila nikisikia hamu ya kujisifu imenipanda, nakitikisa kidogo, nazisikia.

Nakitikisa sana, dada. Leo hii, kabla hata ya chai.

Danstan